Siku Susu Alipouza Vyondo

Nianze na mikono yake. Mdomo wangu nitaufikia baadaye, na sina haraka nao.

Bibi yangu, ambaye kwa Kikamba tulimwita Susu, hakujua kukaa bure. Wanawake wa rika lake kule Matinyani walikuwa wakimaliza kazi za shamba wanakaa juani na kulalamika magoti. Yeye akimaliza shamba ndiyo siku yake inaanza. Alisuka vyondo, vile vikapu vyetu vya uzi, akitembea, akiongea, akigombana na mbuzi. Uzi aliutoa kwenye gome la mti, akalitafuna mpaka likalainika, akausokota pajani, na paja lake la kulia halikuwa na hata unywele mmoja. Alikuwa analionyesha kwa majivuno. "Tazama," anasema, "hili paja limevisha nusu ya Kitui."

Alichora vibuyu kwa waya wa moto. Alilima tumbaku yake, akaisaga, akaitia magadi, akatengeneza ugoro wa aina tatu: wa asubuhi, wa wageni na wa hasira. Alicheza ngoma ya akina mama wazee mpaka mabega yakatoa jasho, akarudi nyumbani akituambia nani alikosea mguu. Mwaka mmoja alishikwa na wazimu wa kutega kware. Mwaka wa nzige, watu wazima wanalia mashambani, Susu alikuwa amewasha moto anajaribu njia nne za kuwakaanga. Ile ya tatu ilikuwa tamu, sitadanganya. Alipatana na Msomali mmoja aliyekuwa akipitisha ng'ombe, akampa ugoro wa wageni, akajifunza kwake kupika chai ya maziwa, na kwa miezi mitatu hatukunywa kitu kingine.

Kila kitu alikipenda mpaka akakijua, kisha akaenda kukitafuta kingine. Lakini hakuuza. Watu walikuja na kuku, walikuja na pesa, wakitaka kiondo chake, akawaambia hapana. Vyondo vyake alimsukia mtu anayemjua, akifikiria mkono wa huyo mtu. "Nikianza kuuza itakuwa kazi," alisema. "Na kazi ninayo shambani."

Alikuwa na mizinga ya nyuki pia, sita, juu ya miti kando ya kijito, pale penye shamba letu bora. Sasa hilo lilikuwa jambo. Kwetu mizinga ni ya wanaume. Mwanamke hatundiki mzinga na hapandi kurina asali. Wanaume walinung'unika, wakaja mpaka nyumbani kumwuliza anajifanya nani. Nakumbuka alivyowajibu, huku anasokota uzi wake bila kuwaangalia. "Mimi nimeoa," alisema. "Aliyeoa ana mizinga. Nyinyi mlikula mbuzi wangu wa mahari, mmesahau?"

Na kweli alikuwa ameoa. Hapa lazima nieleze, kwa sababu bila hili hamtaelewa nilichofanya.

Mume wa Susu alikufa kabla ya kupata mtoto naye. Nyumba isiyo na mtoto, kwa Wakamba, ni nyumba iliyozimika, na shamba lake linarudi kwa ndugu wa marehemu. Lakini desturi yetu ina mlango. Mwanamke kama huyo anaweza kuoa mke. Anatoa mbuzi, anatoa asali, anakwenda kwa wazazi wa msichana kama mwanamume yeyote, anaposa. Anamwoa kwa niaba ya mwana wake, mwana ambaye hakuzaliwa. Huyo mwana anapewa jina kabisa. Msichana anakuja, anakaa, anazaa, na watoto ni wa nyumba ile, wanaitwa kwa jina la yule asiyezaliwa. Aliyewapanda ni nani, hakuna anayeuliza. Anayeuliza amekosa adabu.

Msichana yule alikuwa mama yangu. Mimi nilikuwa mtoto wake wa kwanza na mwana pekee, baada yangu wakaja dada wawili. Nilipewa jina la mume wa Susu, ndiyo desturi, na kwa hiyo tangu nilipokuwa natambaa Susu aliniita "mume wangu". "Mume wangu amekojoa tena!" Kijiji kizima kilicheka, na mimi nilicheka, na nilijiona mtu mkubwa sana. Nyumba yote ilikuwa imesimama juu yangu, na sikuhisi uzito wowote.

Kisha nikaenda shule.

Ilikuwa shule ya misheni, kule juu kwenye vilima vya Nunguni, upande ambao siku hizi tunauita Makueni. Siku tatu kwa miguu kutoka kwetu. Mzee wa kanisa wa Matinyani aliona nasoma herufi upesi akasema niende huko. Mama alisita. Susu ndiye aliyesema, "Aende. Akirudi na mimi atanifundisha." Alikuwa ameshaanza. Kila herufi niliyojifunza kwa mzee wa kanisa alinitaka nimwandikie mchangani, naye akaichoma kwenye kibuyu, nyingine ikiwa imepindua miguu juu. Nilipoondoka nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi.

Siku ya kwanza mwalimu alikaa na kitabu kikubwa mezani, sisi tumepanga mstari. Mwalimu alikuwa Mkamba mwenzetu, mtu mpole. Akaniuliza jina la baba. Nikamtajia lile la nyumbani.

"Yuko hai?"

"Hapana, mwalimu."

"Pole. Alikufa lini?"

"Hajafa, mwalimu."

Akainua kichwa. "Sasa yuko wapi?"

"Hajazaliwa," nikasema.

Lo! Kicheko kilichotoka kwenye ule mstari, mpaka leo kikinijia nikiwa peke yangu naona joto masikioni. Watoto wengi pale walikuwa wa familia za kanisa, baba zao walivaa suruali na kuimba besi Jumapili. Walijua desturi ile, tena walijua vizuri sana, ndiyo maana walicheka hivyo. Tangu siku ile jina langu likawa Mwana wa Hewa. "Mwana wa Hewa, lete maji." "Mwana wa Hewa, mpira uko kwako, au baba yako anaucheza?" Mwalimu hakucheka. Aliniambia tu kwa sauti ya chini kwamba hayo ni mambo ya giza, na kwamba kitabu kinataka baba mwenye miguu.

Nilivumilia mwaka mmoja. Mwaka wa pili kitabu kipya kikafunguliwa, mwalimu akauliza tena, na mimi nilikuwa nimejitayarisha. Nikamtajia shemeji yake Susu, mdogo wa marehemu mumewe. Huyo alikuwa na miguu kweli, tena ndani ya buti. Alikuwa mzee wa kijiji chini ya chifu, ana koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Nikasema, "Baba yangu ni fulani, mzee wa kijiji, Matinyani." Mwalimu akaandika. Wino ukakauka. Hakuna aliyecheka. Ulimi hauna mfupa, jamani. Ilinichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Na nilifurahi! Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko mengine mengi. Nilikwenda kuchota maji siku hiyo nikipiga mbinja. Nilianza kusimulia habari za koti la baba.

Sikufikiria kwamba kitabu kinaweza kutembea. Ilipofika wakati wa kubatizwa, mwalimu aliandika karatasi ya kuomba idhini ya baba, akampa mwinjilisti aliyekuwa anakwenda Kitui, na yule mtu mwaminifu akaipeleka kwa aliyetajwa. Shemeji yake Susu akasomewa kwamba mimi ni mwanawe. Kwanza nasikia alicheka. Halafu akaacha kucheka. Akaikunja ile karatasi, akaitia mfuko wa koti, akaenda kusimama kando ya kijito kulitazama shamba la marehemu ndugu yake, na miti yenye mizinga, na akili ikamjia. Shamba lile alikuwa amelimezea mate miaka ishirini. Kilichomzuia ni mimi. Sasa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya kitabu cha misheni, nilikuwa nimesema nyumba ya Susu haina mwana.

Akapeleka kesi kwa wazee.

Haya niliambiwa na mtu wa kwetu aliyeleta mbuzi soko la Nunguni. Alinikuta nimetumwa chumvi. "Wewe," aliniambia, "kwenu kumewaka. Karatasi yako iko kwa wazee. Wasipopata ukweli, susu yako na mama yako watatoka katika lile shamba." Nilimwuliza wazee watakaa lini. Akasema mwezi ukiandama. Nikasema nitaomba ruhusa. Nikarudi shule na chumvi yangu, na sikuomba ruhusa. Ningemwambia mwalimu nini? Kwamba nilidanganya kitabu? Ubatizo ulikuwa karibu, nilikuwa nimechaguliwa kuimba, viatu nilikuwa nimeahidiwa. Nikajiambia wazee wetu si wajinga, watajua tu. Nilijiambia hivyo kila jioni, na kila jioni nililala.

Susu akaja mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, ukungu umeshuka kama kawaida ya vilima vile. Tulikuwa tumekaa kwenye nyasi mbele ya nyumba ya mwalimu, wavulana na wasichana kama kumi, tunachambua maharagwe, mwalimu na mke wake pale pale. Nikaona mtu anapanda njia. Kabla sijaona uso nilijua mikono. Ilikuwa inasuka. Siku tatu kwa miguu, amevuka mto, amelala kwa watu asiowajua, na alikuwa anasuka.

Alivaa shuka lake la kaniki, waya wa shaba mikononi na miguuni. Meno ya mbele yalikuwa yamechongwa, urembo wa wasichana wa enzi zake. Mgongoni vyondo vitatu, kimoja ndani ya kingine, cha ndani kina chakula cha njiani. Na begani, Mungu wangu, alikuwa ametundika kigoda cha miguu mitatu. Kwetu kigoda kile anakibeba mzee wa kiume anayekwenda kwenye shauri. Alikuwa amekuja kama baba. Alikuwa amekuja kunichukua nikaseme mbele ya wazee mimi ni wa nyumba gani.

Mimi niliona nini? Niliona meno. Niliona mke wa mwalimu akiyatazama yale meno. Niliwaza kitu kimoja tu: akifungua mdomo ataniita mume wangu. Mbele ya hawa. Nitakuwa Mwana wa Hewa tena, na mume wa ajuza juu yake, mpaka nife.

"Huyu mama ni nani?" mwalimu akauliza. "Naona anakuangalia wewe."

Susu alikuwa amebakisha hatua kumi, ameshaanza kutabasamu.

"Ni mama tu wa kuuza vyondo," nikasema. Nikasema kwa sauti, ili asikie, ili anyamaze. "Huwa napishana naye sokoni, kule kwetu."

Ile mikono ikasimama. Sijawahi kuiona imesimama hivyo, hata akilala vidole vyake vilikuwa vinachezacheza. Ikasimama na uzi ndani yake. Alinitazama, si kwa muda mrefu. Halafu tabasamu lile lile alilokuwa ameniletea akaligeuza taratibu, akampelekea mke wa mwalimu.

"Hamjambo hapa," akasema. "Mnataka vyondo?"

Akakishusha kigoda, akakisukuma nyuma yake, akakaa chini kwenye nyasi zenye umande. Akavitoa vile vyondo kimoja kimoja, akavipanga. Wasichana wakasogea. Wakavishika, wakapiga kelele kwa uzuri wake, maana vilikuwa vizuri, haki ya Mungu. Na Susu, aliyewafukuza watu wenye kuku na pesa nyumbani kwake, akaanza kuuza. Akavisifu kama mchuuzi. "Hiki kitakuzika, mwanangu, hakichakai." Kimoja alikichukua mke wa mwalimu kwa kipande cha sabuni na chumvi. Kingine kwa senti za tundu. Cha tatu kilikuwa kidogo kuliko vingine, chenye mkanda wa kiume wa kutundika begani. Nilijua kilisukwa kwa bega gani. Kijana mmoja mwenzangu akakinunua, yule yule aliyenipa jina la Mwana wa Hewa.

"Mama, mnatoka upande mmoja na huyu?" mke wa mwalimu akamwuliza, akininyooshea kidole.

"Kule kwetu vijana ni wengi," Susu akajibu. "Siwezi kuwajua wote." Kisha akageuka kwangu. "Na wewe, kijana? Hununui?"

Kijana! Maisha yangu yote hakuwahi kuniita hivyo.

"Sina kitu, mama," nikasema.

Mama. Kama unavyomwambia mwanamke yeyote wa sokoni.

"Basi," akasema, "siku nyingine."

Mke wa mwalimu alimpa uji, akaunywa, akakigeuza kikombe cha bati akatazama kilivyoungwa chini, kwa sababu hata siku hiyo hakuweza kuacha. Chakula chake cha njiani kilikuwa hakina tena cha kubebewa, akakifunga kwenye pembe ya shuka. Akatundika kigoda begani. Akaaga watu wote, mimi nikiwa mmojawapo, akashuka.

Ningeweza kumkimbilia. Njia ilikuwa moja, na alikwenda polepole, nadhani alikwenda polepole makusudi. Kengele ya kwaya ikalia. Nikaenda kuimba. Mnaosoma haya mnaweza kunitukana, nimeshajitukana kwa Kikamba na Kiswahili, na matusi hayatoshi.

Wazee walikaa, mwezi ukapita, mimi nikabatizwa. Nilipewa viatu.

Likizo ya mwisho wa mwaka nilirudi Matinyani. Nyumba zetu zilikuwa zimeezuliwa nyasi, na kando ya kijito wake wa shemeji yake Susu walikuwa wanapalilia. Yeye mwenyewe akanipokea kwa mikono miwili. "Karibu nyumbani, mwanangu!" Akachinja. Nikamwuliza Susu na mama wako wapi, akasema wamekwenda Migwani kwa watu wa Susu, yameisha salama, wala hakukuwa na ugomvi. Akanikatia nyama. Nami nilikuwa na njaa ya siku tatu njiani, nikaila. Nililala kwake. Kesho yake alfajiri nikaenda Migwani na ile nyama bado tumboni.

Susu nilimkuta na udongo mpaka kwenye viwiko. Huko Migwani alikuwa amepata mwanamke mfinyanzi na sasa alikuwa anafinyanga vyungu, vibaya sana, na akivicheka. Wadogo zangu walikuwa wanamkandia udongo. Aliponiona alinawa mikono vizuri.

"Karibu, mgeni," akasema. "Umetoka mbali. Keti."

Akaniletea maji, akaniletea chakula kwenye chombo changu peke yangu. Wao walikula pamoja kwenye chungu kimoja. Aliniuliza habari za vilima, kama mvua imenyesha, kama mwalimu hajambo. Hakugusa lile jambo, na mimi mjinga nikaanza kupumua. Nikafikiri amesahau, au amesamehe, au wazee waliamua tu kwa kumpenda yule mwenye buti.

Mama ndiye aliyeniambia, akitwanga mahindi nyuma ya nyumba. Mama hakunipiga. Angenipiga ningeshukuru.

"Unafikiri alishindwa?" akaniuliza. "Watu waliokula wale mbuzi wa mahari wote wako hai. Walikuja, wakasimama, wakasema mtoto ni wake. Karatasi yenu wazee waliicheka. Shauri lilikuwa limekwisha. Wakamwambia, bado kiapo tu. Piga kithitu, urudi shambani kwako."

Kithitu ndicho kiapo chetu kikubwa, kile cha kuua. Kinaletwa na mwenye nacho, mtu anakipiga kwa kijiti huku akisema neno lake, na aliyesema uongo katika shauri lile, awe nani, awe wapi, kinamla. Hakina huruma na hakiulizi umri. Misheni ilitufundisha ni upuuzi, na mimi nilishakuwa na mstari wa Biblia wa kukijibu. Lakini Susu hakufundishwa hivyo. Susu alikuwa amewaona watu waliokufa nacho.

"Akachukua kijiti," mama akasema. "Akakishika. Kisha akawauliza wazee: aliyesema uongo katika shauri hili ni nani? Wakasema, si wewe. Akasema, najua si mimi. Alikuwa anakufikiria wewe. Shemeji yake hakusema wewe ni mwanawe mpaka ulipokwisha kusema wewe. Neno la kwanza lilikuwa lako. Akawaomba wangoje, akaja kwako ulifute kwanza, ndipo apige. Ulimwambia nini huko, mimi sijui. Hajaniambia. Alirudi bila kiondo hata kimoja. Siku ilipofika akakiweka kijiti chini. Akasema, wazee, mtoto ni wa shemeji yangu. Mimi ndiye niliyekosea."

Mama akaendelea kutwanga. Mimi nilisimama pale na viatu vyangu. Majuto ni mjukuu, tunasema, na mjukuu mwenyewe ndiye huyo.

Nikamwendea Susu. Nikapiga magoti kwenye udongo wake. "Susu," nikasema, "nitakwenda kwa wazee. Nitawaambia mimi ni wa nyumba yako. Nitafuta kitabuni. Susu, mimi ni mume w..."

Akanifunika mdomo na ule mkono wa udongo. Aliubana mpaka nikasikia ladha yake.

"Nyamaza," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa, macho yake yalikwenda huku na huku kama kuna mtu anasikiliza. "Nilisema mbele ya wazee wewe si wangu. Nimesema mara moja. Ukisema umekuwa wangu, mmoja wetu ni mwongo, na lile shauri halijapoa. Usilisemee hilo hapa. Usilisemee mahali popote. Umesikia?"

Nikatikisa kichwa kwamba nimesikia. Akautoa mkono, akanipangusa midomo kwa pembe ya shuka.

"Sasa kula, mgeni," akasema.

Nilikuwa mgeni wake kwa miaka yote iliyobaki. Nilimaliza shule, nikawa mwalimu, nikawa naenda Migwani kila likizo na sukari na majani ya chai. Alinipokea vizuri siku zote, akaniuliza habari za mvua. Alijifunza kufinyanga sawasawa hatimaye. Akajifunza kuponya mbuzi, akajifunza nyimbo za kanisa na kuzicheza kwa mabega, wazee wa kanisa wakafadhaika. Aliishi sana. Aliwazika wafinyanzi wawili. Nami nilikaa pembeni na chombo changu, nikatazama.

Alikufa mwishoni mwa ile miaka ya thelathini, kabla habari za vita hazijatufikia, kwa uzee tu, ameshika kazi mkononi. Nilifika asubuhi yake. Kwa watu wake kule Migwani mzee wa heshima anazikwa, na mwana wa nyumba ndiye anayetia jembe la kwanza kwenye ardhi, wengine ndipo wachimbe. Watu walikuwa wengi uani. Mzee mmoja wa ukoo akalileta jembe, akasimama nalo katikati, akatazama wanaume waliokuwepo.

"Nyumba hii," akauliza, "ina mwana?"

Nilipiga hatua moja mbele. Mama alikuwa upande wa pili wa ua na dada zangu. Alinitazama usoni, akamgeukia mzee.

"Haina," akasema.